Keti Kwanza Uhesabu Gharama

Somo: Luka 14:25–33



Tumeombwa tuandike neno la mwezi huu, nasi tumeona si vema kutafuta jambo la mbali wakati lipo jambo linalotusumbua hapa hapa Masieda. Jambo lenyewe ni kiwanda.

Wengi wenu mnaikumbuka Jumapili ya kuombea mashamba, ile ya tano baada ya Pasaka. Watu walileta majembe yao mbele ya madhabahu, akina mama wakaleta maharage na vitunguu, na kasisi akaviombea vyote. Baada ya ibada tukakaa chini ya mti kama kawaida yetu, na kijana mmoja wa kwaya akasema kwa sauti ya kusikika: "Leo tumeyaombea majembe. Ni lini tutaombea ajira?"

Hapo maneno yakaanza. Mmoja akataja magadi ya Engaruka, kwamba kikijengwa kiwanda kule vijana wa Monduli watapata kazi, na sisi tutabaki kutazama. Mwingine akasema, heri aje mwekezaji huku kwetu, hata akichukua malisho yote, maadamu atatuandika kazi. Mzee mmoja akasimama na fimbo yake, akasema kwamba anayetaka kuuza udongo wa baba yake angoje kwanza baba afe. Kijana akajibu neno ambalo hatutaliandika hapa. Watu wakaenda nyumbani wamenuna.

Jumapili iliyofuata, wakati wa kupeana Amani kabla ya Ushirika Mtakatifu, tuliwaona baba na mwanawe wamekaa benchi moja, wala hawakupeana mikono. Kisha wote wawili wakaenda kupokea Meza ya Bwana. Ndugu zetu, hakuna aliyeleta barua ya kiwanda Masieda. Tunagombania kitu ambacho hakijaja. Lakini mgawanyiko umekwisha kuja, nao umekuja mpaka mezani pa Bwana. Ndiyo maana tunasema jambo hili si la mwekezaji wala la serikali peke yake. Ni jambo la Kanisa.

Katika somo letu Bwana Yesu anasema habari za mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo, asema Bwana, hukaa kitako kwanza, akapiga hesabu ya gharama, aone kama anacho cha kumalizia. Kwa maana akiweka msingi akashindwa kumaliza, wapitao njiani watamcheka. Tunajua kwamba Bwana hakuwa akifundisha ujenzi. Alikuwa akisema na makutano ya watu waliomfuata kwa shangwe, akawaonya kwamba kumfuata kuna gharama. Lakini tazameni, mfano wenyewe ameuchukua katika mambo ya kila siku ya watu wake, akiona kwamba hata mjenzi wa kawaida anayo akili ya kuketi na kuhesabu. Je, sisi tunaomfuata tuwe na akili pungufu kuliko mjenzi huyo? Basi na tuketi, baba na mwana benchi moja, tuhesabu pamoja.

Jambo la kwanza ni kwamba kazi ni njema.

Tunaanza hapa kwa sababu wazee tuna desturi ya kuanzia kwenye hatari. Mungu alimweka Adamu bustanini ailime na kuitunza kabla dhambi haijaingia duniani (Mwanzo 2:15). Kazi ilitangulia laana. Mtume Paulo alishona mahema. Na katika mfano wa shamba la mizabibu, yule bwana alipowakuta watu wamesimama sokoni saa ya kumi na moja, akawauliza kwa nini wamesimama kutwa bila kazi, walimjibu kwamba hakuna aliyewaajiri (Mathayo 20:6–7). Hakuwaita wavivu. Aliwapeleka shambani, na jioni akawalipa.

Vijana wetu wanaosimama pale madukani tangu asubuhi ni watu wa saa ya kumi na moja. Shamba la babu lilitosha kulima na kulisha ng'ombe. Likagawanywa kwa wana, kisha kwa wana wa wana, hata sasa kijana anaonyeshwa vipande vya mahindi ambavyo angeweza kuvizunguka kabla chai haijapoa. Anapotaka kazi ya mshahara hatendi dhambi. Anataka kuoa, kujenga, kulipia bima ya matibabu ya mama yake.

Tena sisi tuliofundisha tunayo sehemu yetu katika jambo hili, na ni haki tuiungame. Katika chuo cha ualimu tulisomeshwa Elimu ya Kujitegemea, sera ile ya mwaka 1967, kwamba shule isimfundishe mtoto kudharau jembe. Tulijibu mtihani vizuri. Kisha tukaingia darasani, na kila mtoto alipozembea tukamwambia, "Wewe utabaki kulima." Tulilitumia jembe kama fimbo. Leo mtoto yuleyule, mtu mzima, akisema hataki kubaki kulima, tunamshangaa. Amejifunza kwa nani?

Jambo la pili ni kuuliza nani anayehesabu.

Hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Tukitazama upande wa mlima Hanang, tunaijua nyanda ya Basotu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu, ikitaka taifa lijitosheleze kwa ngano, iliomba msaada wa Kanada, na katika miaka ya 1970 na 1980 yakafunguliwa mashamba saba makubwa chini ya shirika la umma lililoitwa NAFCO. Yalifika kiasi cha ekari laki moja. Lilikuwa shamba lenye mitambo kama ya kiwanda: matrekta makubwa, mashine za kuvuna, karakana, maghala. Nia haikuwa mbaya. Nchi ilihitaji mkate, na sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini ilitoka pale.

Katikati ya miaka ya 1980 tuliwapakia wanafunzi kwenye lori tukawapeleka kuyaona mashamba yale. Tulisimama kandoni, mashine zikipita mbele yetu na vumbi la dhahabu nyuma yake, nasi tukawaambia watoto kwamba mahali hapa palikuwa pori tupu, nyasi tu, bila mwenyewe; sasa tazameni maendeleo. Mtoto mmoja wa Kibarabaig akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, kaburi la babu yangu liko upande gani?" Tulimwambia kwamba leo tunauliza maswali ya ekari na magunia. Akashusha mkono. Hakuuliza tena, siku ile wala siku nyingine.

Ndugu, swali lile limekaa nasi miaka yote hii. Kwa maana nyasi zile hazikuwa tupu. Wafugaji wa Kibarabaig walikuwa na malisho ya aina nyingi, kila aina na majira yake, na nyanda ile iliyolimwa ilikuwa malisho yao bora, waliyoyaita *muhajega*. Yalipochukuliwa, hawakupoteza kipande kimoja tu. Mzunguko wote wa mwaka ulivunjika, kama gari lililong'olewa gurudumu moja. Na makaburi ya wazee wao, vile vichuguu vya heshima waviitavyo *bung'eda*, mengine yalipitiwa na jembe la trekta. Aliyehesabu ekari alihesabu sawasawa. Aliyehesabu magunia alihesabu sawasawa. Lakini malisho na makaburi havikuwa na safu katika daftari lao, na kisicho na safu huhesabiwa sifuri.

Watu walikwenda mahakamani. Kijiji cha Mulbadaw na wenzake walishtaki, na mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa sehemu ya haki waliyoidai. Shirika likakata rufani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Sababu moja ilikuwa kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Hebu fikirini: mtu amesimama juu ya nchi aliyozikwa babu yake, anaulizwa kama ni mwenyeji, na hana karatasi ya kujibu. Wazee wetu wa Kiswahili walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kazi je? Kazi zilikuwapo, nasi hatuwezi kusema hazikuwapo. Madereva, mafundi, walinzi, makarani, vibarua wa msimu. Wako watu waliosomesha watoto kwa mshahara ule. Lakini mashine moja ya kuvunia hufanya kazi ya watu wengi, ndiyo sababu ya kuinunua. Kwa hiyo shamba la ekari elfu kumi liliandika watu wachache kuliko macho yalivyotazamia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wakanada wakaondoka. Mashamba yakadhoofika, shirika lenyewe likafa, mashamba mengine yakarudishwa kwa wanavijiji na mengine yakaenda kwa wawekezaji. Mshahara ulikwisha. Lakini kaburi lililolimwa halikurudi.

Tunaposoma habari za Naboti wa Yezreeli (1 Wafalme 21) mara nyingi tunarukia kwenye mawe aliyopigwa. Lakini Ahabu hakuanza na mawe. Alianza na toleo zuri: shamba bora kuliko lile, au fedha taslimu. Kwa hesabu ya mfalme lilikuwa toleo la haki. Kosa la kwanza lilikuwa kwamba neno "urithi" halikuwa na safu katika daftari lake, akaona Naboti ni mkaidi tu. Yaliyofuata, barua na muhuri na mashahidi wa uongo, yalizaliwa na hesabu ile pungufu.

Jambo la tatu ni kwamba gharama huweza kuhesabiwa hadharani, na ni vema.

Mnajua ziwa Natron, kaskazini mwetu kule mpakani na Kenya, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Mwaka 2006 ulianza kuzungumzwa mpango wa kujenga kiwanda cha magadi kando ya ziwa lile, shirika letu la Maendeleo la Taifa likishirikiana na kampuni ya Tata Chemicals ya India. Walikusudia kutoa tani laki tano za magadi kwa mwaka, na nyumba za wafanyakazi zaidi ya elfu moja, na mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Waliokuwa upande wa kiwanda walisema maneno ya kweli: nchi inahitaji fedha za kigeni, watu wa kule ni maskini, na ng'ambo ya mpaka, ziwa Magadi, kampuni ya magadi ipo tangu mwaka 1911 na imewapa watu kazi.

Waliokuwa upande wa pili nao walisema maneno ya kweli. Ziwa Natron ndipo mahali pakuu ambapo heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaa. Inasemwa kwamba katika kila heroe wadogo wanne duniani, watatu wamezaliwa pale. Mwaka 2001 taifa letu lilikuwa limekwisha kuliandikisha ziwa lile chini ya mkataba wa Ramsar wa kulinda maeneo oevu. Tena watu wa pale waliuliza maji matamu ya kiwanda yatatoka wapi katika nchi kame, na ng'ombe watakunywa nini, na wageni wanaokuja kuwatazama ndege na mlima watakuja kutazama nini.

Tathmini ya mazingira ikafanywa, mwaka 2007 ikajadiliwa hadharani, watu wakasema waziwazi, na mwaka 2008 kampuni ikajiondoa. Baadaye shirika likageukia bonde la Engaruka, kusini mwa ziwa, ambako nako magadi ni mengi na heroe hawazai. Huko ndiko vijana wetu wanakokusikia.

Hatusemi kwamba kila kiwanda kifukuzwe. Tunasema angalieni tofauti. Basotu hesabu ilifanywa pasipo wenyeji, nao wakaja kuijua wakati trekta limekwisha kufika mlangoni. Natron hesabu ilisomwa mbele ya watu kabla ya jiwe la msingi, na lile lililokuwa limesahauliwa likapata wa kulisema. Mjenzi wa Injili aliketi *kwanza*. Neno "kwanza" ndilo uzito wa mfano wote. Kuhesabu baada ya msingi ni majuto tu.

Jambo la nne ni kujiandika.

Jirani zetu Wahadzabe wa bonde la Yaeda wametufundisha jambo hili, nao ni watu ambao wengi wetu tuliwadharau, na hilo nalo tuliungame. Mwaka 2007 kampuni moja ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilipewa kuwinda katika nchi yao. Ahadi zilikuwa nyingi, kama kawaida ya ahadi. Wahadzabe na rafiki zao wakalalamika mpaka mbali, na mwaka uleule kampuni ikajiondoa. Lakini hawakuishia hapo kushangilia. Walifuata njia ya sheria, polepole, wakapima mipaka yao, na mwaka 2011 wakapata hati ya hakimiliki ya kimila kwa jumuiya yao yote. Sasa wana daftari.

Tena kwa kuwa wana daftari, wameweza kufanya biashara. Vijiji vya Mongo wa Mono na Domanga vinalipwa kwa kuutunza msitu wao usikatwe, biashara hii mpya iitwayo hewa ukaa. Fedha zimesaidia matibabu na masomo ya watoto, na vijana wao wameajiriwa kuulinda msitu. Hakuna bomba la moshi pale, lakini kuna mshahara. Hatusemi kila kijiji kinaweza kufanya vilevile. Kila nchi na neema yake. Tunasema mtu aliyeandika mipaka yake huitwa mezani, na asiyeandika huletewa habari.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetupa meza hiyo. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa na haizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, Waziri huamua, lakini baada ya kuyapima mapendekezo ya mkutano huo. Na ardhi haihamishwi mpaka fidia imekubaliwa: ni ya aina gani, kiasi gani, italipwaje na lini. Mkutano mkuu ni watu wote wazima wa kijiji, na akina mama wamo. Sasa tujiulize kwa haki: katika mkutano mkuu uliopita, wangapi kati yetu tulikuwapo? Wangapi tuna hati za mashamba yetu? Umoja wa Akina Mama hapa kwetu wana daftari la kila kikombe na kila sahani iliyoazimwa kwa harusi. Ajabu ni kwamba kikombe kina daftari na shamba halina.

Jambo la tano ndilo gumu, nalo linawahusu wazee zaidi. Kukataa nako kuna gharama.

Mzee wetu mwenye fimbo alisema vema kwamba udongo wa baba hauuzwi. Lakini baada ya kusema hivyo alikwenda nyumbani kwenye ekari zake, na kijana alikwenda mahali gani? Anayesema "hapana" bila kumpa kijana neno la pili, ameweka msingi wa mnara asioweza kuumaliza. Gharama ya "hapana" yake inalipwa na mwingine: na kijana anayepanda basi usiku kwenda kubeba zege Arusha, au kwenda machimboni Mirerani kushuka shimoni kwa kamba.

Kwa hiyo ikiwa hatutaki malisho yatolewe, inatubidi tutoe sisi. Baba mwenye shamba pana ampe mwanawe sehemu angali hai, na kwa maandishi, asimfanye angojee kifo chake. Binti naye apewe. Mabinti wa Selofehadi walimwendea Musa wakadai urithi, na Bwana akasema wamenena haki (Hesabu 27:7). Wenye akiba wawakopeshe vijana mtaji wa mashine ya kusaga au ya kukamua mafuta ya alizeti. Alizeti yetu na vitunguu saumu vyetu huondoka Mbulu katika magunia, na faida ya kiwanda huliwa mjini. Kiwanda kidogo cha wana wa hapa, juu ya ardhi ya hapa, hakihitaji kumhamisha mtu. Hicho nacho kina gharama, nayo ni kuaminiana.

Na ninyi vijana, wanetu, iko sehemu yenu ya gharama. Msiuze kitu ambacho hamkukihesabu. Mkiletewa ahadi ya kazi, ulizeni kama mlivyofundishwa hesabu za mafumbo: kazi ngapi za kudumu, na ngapi za ujenzi tu? Mafunzo yatatolewa na nani? Maji yatatoka wapi? Siku kampuni ikiondoka itaacha nini? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ya namna hiyo ipimwe athari zake, na maoni ya watu yasikilizwe. Nendeni mkaseme. Na mnaposema na wazee, msiwacheke. Mzee anayeshikilia udongo pengine ameona jembe la trekta likipita mahali ambapo halikupasa kupita.

Efeso palikuwa na mtu jina lake Demetrio, mfua fedha. Alipoona Injili inaharibu biashara yake, aliwakusanya mafundi wenzake, na akaanza na riziki yao: utajiri wetu, alisema, watoka katika kazi hii (Matendo 19:25). Mji mzima ukajaa ghasia, watu wakapiga kelele saa mbili, na Luka anatuambia kwamba wengi wao hawakujua wamekusanyika kwa sababu gani. Ndivyo kelele zilivyo. Aliyeutuliza mji alikuwa karani, akasema liko baraza la halali, mambo yaamuliwe pale. Karani yule hakuwa Mkristo, lakini alikuwa na hekima. Tusiwe nyuma ya karani wa Efeso.

Tunamalizia pale tulipoanzia, kwenye benchi la baba na mwana. Bwana alipozungumza habari za kuhesabu gharama, gharama yenyewe aliyoitaja ilikuwa kujikana. Baba atajikana nini? Pengine ni ule ukubwa wa kuamua peke yake. Mwana atajikana nini? Pengine ni ile dharau. Neno letu kwao wote ni hili moja: anayehesabu gharama na aketi pamoja na yule atakayeilipa. Serikali na kijiji, mwekezaji na mfugaji, mzee na kijana. Hesabu ya namna hiyo itachukua muda, lakini haraka haraka haina baraka.

Yule mtoto wa Kibarabaig, kama yu hai, ni mtu mzima sasa. Tungependa kumwambia kwamba swali lake lilikuwa la ekari na magunia pia, bali mwalimu wake hakuelewa hesabu. Hatujui yuko wapi. Basi na tumjibu kwa kumsikiliza mtoto mwingine atakayenyosha mkono leo.

Jumapili ijayo tukifika wakati wa kupeana Amani, tusipeane kwa ncha za vidole. Mwenye neno na ndugu yake aliseme kabla ya kengele, kama Bwana alivyotuagiza, kwamba tuiache sadaka madhabahuni tukapatane kwanza (Mathayo 5:24). Hapo nako Bwana amesema "kwanza".

Na tuombe.

Ee Mungu, Baba yetu, uliyemweka mwanadamu katika nchi ili ailime na kuitunza: utupe kazi iliyo halali kwa mikono ya vijana wetu, na moyo wa kutoa kwa wazee wetu. Uwape hekima viongozi wa taifa letu na wa vijiji vyetu, wasikie kabla ya kuamua. Utusamehe pale tuliposema nchi ya jirani ni tupu. Utufundishe kuketi pamoja na kuhesabu pamoja, tukimtazama Mwanao aliyehesabu gharama yetu, akailipa yote msalabani. Kwa yeye Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.